Joka si farasi: Gemu zilivyomtoza mchawi na kumsamehe mpanda joka

Katika gemu ya Dota 2, ambayo kampuni ya Valve ya Marekani iliitoa rasmi mwaka 2013 na ambayo huchezwa bila malipo duniani kote, wamo wahusika wawili wanaofaa kutazamwa kwa pamoja. Wa kwanza ni Invoker, mchawi msomi mwenye majivuno makubwa. Mchezaji anayemchagua hapewi manuizi yakiwa tayari. Hupewa aina tatu tu za matufe ya nguvu: Quas ya barafu, Wex ya upepo na umeme, na Exort ya moto. Achague matufe matatu, kwa kurudia au kuchanganya, ndipo nuizo moja lipatikane. Michanganyiko inayowezekana ni 10, na yote lazima ikae kichwani, maana katikati ya mapigano hakuna anayekusubiri ukumbuke. Exort tatu huita mwali wa jua unaoweza kushuka popote uwanjani. Wex tatu hunyonya nguvu za kichawi za maadui. Akikosea tufe moja, hutoka kitu ambacho hakukitaka. Wa pili ni Dragon Knight, askari wa joka aitwaye Davion. Yeye akishafika ngazi inayotakiwa, mchezaji hubonyeza kitufe kimoja, askari anageuka joka, anapigana kwa muda, kisha anarudi kuwa mtu. Hakuna zaidi ya hapo.

Ajabu ni kwamba kisa cha Davion, kama wabunifu wa gemu hiyohiyo walivyokiandika, hakifanani hata kidogo na kitufe hicho. Kinasimulia kwamba askari huyo alilisaka kwa miaka mingi joka lenye sifa, Slyrak, na siku alipolipata akalikuta limekongoroka: mabawa yamechanika, magamba yameoza, meno yamesagika. Akataka kuondoka zake, maana hakuna sifa katika kumuua mzee anayesubiri kufa. Joka likamwomba alistahi kwa kulipa kifo cha vitani. Upanga ulipoingia kifuani mwa joka, ukucha nao ukaingia mwilini mwa askari. Damu zao zikachanganyika, na joka likammiminia nguvu na hekima ya karne nyingi kabla ya kukata roho. Hapo pana agano, pana kifo na pana urithi. Pana pia mtu ambaye kuanzia siku hiyo hawezi kujieleza bila kumtaja aliyemuua. Lakini uwanjani Slyrak hayupo. Halisemi, halikatai, halidai chochote. Limekuwa vazi la kuvaliwa na kuvuliwa.

Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Mchawi na mpanda joka, ambaye askari wa joka kama Davion ni wa ukoo wake, huwekwa kwenye jalada moja kana kwamba ni pambo na mwenziwe, lakini ni majibu mawili tofauti ya swali moja: nguvu inayomzidi binadamu hutoka wapi, na anayeipata anadaiwa nini? Mchawi wa vitabuni huipata kwa kusoma, na hulipa kwa akili yake, muda wake na mwili wake. Mpanda joka huipata kwa kufungamana na kiumbe hai mwenye hiari yake, na hulipa kwa uhuru wake, kwa sababu kuanzia hapo uamuzi wowote mkubwa una wenyewe wawili. Kwa nusu karne gemu zimekuwa hodari wa kumtoza mchawi deni lake. Mpanda joka zimekuwa zikimsamehe, na msamaha huo ndio uliomfanya awe mhusika mwepesi hata pale anapovaa deraya nzito kuliko wenzake wote.

Deni la msomi

Mwaka 1950 mwandishi Mmarekani Jack Vance alichapisha The Dying Earth, visa vya dunia iliyozeeka ambayo jua lake linakaribia kuzimika. Wachawi wake husoma manuizi vitabuni, huyakariri kwa taabu, na kila nuizo likishatamkwa hufutika kichwani. Hata bingwa wao hubeba machache tu kwa wakati mmoja, hivyo kabla ya kutoka nyumbani sharti akadirie njiani atakutana na nini. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974, mchezo wa mezani unaochezwa kwa dadu, karatasi na masimulizi ya mdomo, waliuchukua utaratibu huo, na Gygax hakuficha alikoutoa. Hata jina la Vecna, mmoja wa wachawi waovu maarufu wa mchezo huo, ni herufi za jina la Vance zilizopangwa upya. Sababu ilikuwa ya kiutendaji. Mchawi anayeweza kila kitu kila saa huua mchezo, kwa kuwa wenzake mezani hubaki watazamaji. Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na nuizo moja kwa siku, hakuruhusiwa kuvaa deraya, na uhai wake ulikadiriwa kwa dadu ya pande nne huku wa mpiganaji ukikadiriwa kwa dadu ya pande 10. Akilitumia nuizo lake asubuhi, mpaka kesho yake ni raia wa kawaida mwenye jambia.

Gemu za kompyuta zilizofuata zilibadili hesabu bila kubadili kanuni. Badala ya manuizi yanayosahaulika, nyingi zilileta mana, yaani akiba ya nguvu inayopungua kila mchawi anaponuiza, pamoja na muda wa kungoja kabla ya kunuiza tena. Mchezaji hujifunza upesi kwamba uchawi ni bajeti: ukiimwaga yote kwa adui wa kwanza, wa pili atakukuta mtupu. Invoker amekwenda hatua moja mbele. Yeye ameutoa mzigo wa kukariri kwa mhusika na kumtwisha mchezaji mwenyewe. Anayetaka kumtumia vizuri hukaa saa nyingi akizoeza vidole na kumbukumbu, na ndiyo maana mchezaji hodari wa Invoker huheshimiwa. Umahiri wake uwanjani ni usomi halisi, ingawa uchawi ni wa kubuni. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na hapa anayeinama ni mtu wa nyama na damu aliyekaa mbele ya skrini.

Waandishi wa riwaya wao walikwenda mbali zaidi, wakamtoza mchawi kwa dhamiri. Mwaka 1968 Ursula K. Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea, habari za Ged, kijana mwenye ngozi ya hudhurungi kutoka kisiwa cha wachunga mbuzi, anayepelekwa kusoma uchawi katika kisiwa cha Roke. Kwa kiburi cha kutaka kumshinda mwanafunzi mwenzake, Ged anaita roho ya mfu na kufungua ufa ambamo kivuli kinatoka na kumrarua uso. Mkuu wa wachawi anaufunga ufa huo kwa gharama ya maisha yake mwenyewe. Baadaye Ged anasimama mbele ya joka la Pendor, Yevaud, ambalo jina lake la kweli amelibaini kwa kusoma kumbukumbu za kale. Joka linampa ofa: litamwambia jina la kivuli kinachomwinda, naye akilijua atakuwa salama. Ged anaikataa. Anautumia uwezo wa jina alilonalo kuliapisha joka na wanawe wasikanyage tena visiwa vya watu, kisha anaondoka akiwa bado anawindwa. Ukurasa huo unampima mchawi kwa alichokiacha kuliko alichoweza. Katika The Farthest Shore ya mwaka 1972, Ged huyohuyo anaimaliza nguvu yake yote kuuziba mlango kati ya uhai na kifo. Hairudi tena, na anapanda mgongoni mwa joka Kalessin akiwa mtu asiye na uchawi wowote.

Deni la mpanda joka

Mwaka huohuo wa 1968 Anne McCaffrey alitoa Dragonflight, riwaya iliyompa mpanda joka sura tunayoijua leo. Sehemu yake ya mwanzo, iliyotangulia kuchapishwa jaridani mwaka 1967, ilimfanya awe mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Hugo kwa kazi ya kubuni. Katika sayari yake ya Pern, joka linapoanguliwa hutazama vijana waliokusanywa na kuchagua mmoja. Kijana hachagui. Kuanzia dakika hiyo akili zao zinaungana mpaka mwisho: mpandaji akifa, joka hujitosa katika baridi ya utupu na lisirudi, joka likifa, mpandaji hujiua au huishi akiwa nusu ya mtu. McCaffrey hakuliacha jambo hili hewani. Alimweka ndani ya hadithi mtu aitwaye Lytol, aliyewahi kuwa mpanda joka na joka lake likafa. Amejifunza ufundi wa kufuma, anatekeleza majukumu yake bila kasoro, ni mwaminifu, na msomaji kila akikutana naye anaona pengo lililo ndani yake. Kwa Lytol peke yake tunaelewa bei ya wale wanaoruka angani kwa fahari.

Christopher Paolini, aliyeanza kuandika Eragon akiwa kijana wa miaka 15 na kuona kitabu chake kikitolewa na shirika kubwa la uchapishaji mwaka 2003, aliyaweka madeni yote mawili juu ya mabega ya mtu mmoja. Katika dunia yake, kufanya jambo kwa uchawi kunakula nguvu za mwili sawa na kulifanya kwa mikono; Eragon anaponuiza kwa mara ya kwanza anaishiwa nguvu na kuanguka, na atakayejaribu jambo linalozidi uwezo wake hufa. Upande wa pili, yai la joka halianguliwi mpaka limkubali mtu fulani. Ndiyo sababu mtawala dhalimu wa hadithi hiyo, Galbatorix, ana uovu unaoeleweka hata na mtoto. Joka lake liliuawa, akarukwa na akili, akaiba kinda la mwenziwe na kulifunga kwake kwa uchawi wa giza. Ana joka kubwa la kutisha, lakini alilipata bila ridhaa, na kitabu kizima kinamhukumu kwa hilo kabla ya kumhukumu kwa majeshi yake.

George R. R. Martin, ambaye amewahi kuyafananisha majoka yake na silaha za nyuklia, analisema hilohilo kwa ukali zaidi, na tamthilia ya House of the Dragon ya mwaka 2022 ililionyesha waziwazi. Kijana Aemond anamtwaa Vhagar, joka jike kongwe na kubwa kuliko yote yaliyo hai, na usiku huohuo anapoteza jicho katika ugomvi na watoto wenzake. Anadhani bei amekwisha kuilipa. Miaka kadhaa baadaye, katika mvua juu ya Storm's End, anamfukuza mpwa wake Lucerys kwa nia ya kumtisha tu. Joka dogo la Lucerys linakaidi amri na kumtemea Vhagar moto. Vhagar anakasirika, anakaidi naye, na Aemond anapiga kelele za kumzuia bila mafanikio mpaka mtoto na joka lake wanakatwa vipande angani. Vita vya ukoo mzima vinachochewa na joka lililosahau kwamba lina bwana, au pengine halikuwahi kukubali kwamba linaye.

Pale gemu zilipothubutu

Kwa nini basi gemu nyingi zinalishusha joka mpaka kuwa bodaboda yenye mabawa? Jibu la kwanza ni la kihesabu. Deni la mchawi linageuzika kuwa tarakimu bila shida: mana 100, toa 40, baki 60. Deni la mpanda joka ni uhusiano, na uhusiano haukai vizuri kwenye mstari wa rangi ya bluu chini ya skrini. Jibu la pili ni la kibiashara. Mchezaji aliyelipia gemu hufurahi anapobonyeza kitufe na kutiiwa papo hapo. Kiumbe kinachosita humchosha. Mwaka 2016 gemu ya The Last Guardian ya Mjapani Fumito Ueda ilimpa mchezaji mwenzi aitwaye Trico, mnyama mkubwa mwenye manyoya ya ndege, ambaye huitwa akachelewa, huelekezwa akatazama kwingine, na huhitaji kubembelezwa. Wahakiki waliupenda mno urafiki huo, na baadhi yao haohao wakalalamika kwamba mnyama hatii upesi. Malalamiko yao yana haki, lakini yanaficha ukweli kwamba urafiki walioupenda ulitokana na ukaidi walioulalamikia.

Hata hivyo, mgala muue na haki yake mpe: zipo gemu zilizothubutu. Skyrim, iliyotolewa na Bethesda tarehe 11 Novemba 2011, huanza kama gemu nyingine yoyote ya kuua majoka na kufyonza roho zao. Kisha hukuleta katika jumba la Dragonsreach mjini Whiterun, lililojengwa zamani kwa ajili ya kufungia joka, ambako Odahviing ananaswa shingoni kwa nira kubwa ya mbao. Huwezi kumlazimisha akubebe. Inabidi mzungumze: unataka kufikishwa katika hekalu la milimani lisilofikika kwa miguu, naye anataka kufunguliwa. Halafu yupo Paarthurnax, joka kongwe linaloishi juu ya mlima mrefu kuliko yote. Zamani lilikuwa msaidizi wa joka dhalimu Alduin, likatenda maovu, kisha likageuka na kuwafundisha binadamu lugha ya kupambana na majoka. Chama cha kale cha wawinda majoka kinakutaka umuue mzee huyo aliyekusaidia, na kinakunyima huduma mpaka ufanye hivyo. Wachezaji wengi walikataa, na mmoja wao alitengeneza programu ya nyongeza inayomwezesha mchezaji kukataa bila kukosana na chama. Wachezaji waliochinja majoka kwa makumi waligoma kuua moja, kwa sababu hilo moja lilipewa historia, hatia na sauti.

Mfano mkali zaidi ni Drakengard, gemu ya Kijapani ya mwaka 2003 iliyoongozwa na Yoko Taro. Mwanamfalme Caim, akiwa amejeruhiwa vibaya vitani, anakuta joka jekundu limefungwa minyororo na linakufa kama yeye. Wanachukiana: joka linawadharau binadamu, na Caim alishuhudia joka likiwaua wazazi wake. Lakini wote wawili wanataka kuishi, basi wanafunga agano na kuunganisha mioyo. Anayefunga agano hupoteza kitu, na Caim anapoteza sauti. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa gemu shujaa hasemi. Joka ndilo linalozungumza, na baadhi ya maneno yake ni ya kumsuta. Wenzake wenye maagano na viumbe wengine wamepoteza macho, uwezo wa kuzaa, hata uwezo wa kukua. Miaka 19 baadaye Elden Ring ililirudia wazo hilo kwa njia yake. Mchezaji huwaua majoka, hupeleka mioyo yao kanisani na kuila ili apate nguvu zao. Macho yake hubadilika na kuwa ya joka, na gemu inamdokezea kwamba mijoka inayotambaa kwenye mapango ya moto hapo zamani ilikuwa mashujaa waliokula mioyo kama yeye.

Hoja za upande wa pili

Mpinzani wa kwanza atasema gemu ni burudani. Mtu ametoka kazini, maisha yenyewe yamejaa gharama, kwa nini atozwe tena mpaka kwenye ndoto? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wachezaji wangekuwa wanakimbia gharama. Hawakimbii. Elden Ring, ambayo ni ngumu na haina huruma kwa mzembe, iliuza zaidi ya nakala milioni 20 katika takriban mwaka wake wa kwanza. Invoker, mhusika anayeadhibu kila kosa, ana wapenzi wanaomng'ang'ania miaka nenda miaka rudi. Burudani ya gemu hutokana na uamuzi, na uamuzi hauwezi kuwepo pasipo kitu cha kupoteza. Hata mchezaji wa bao akipewa kete zisizokwisha ataacha kuhesabu, na akiacha kuhesabu ameacha kucheza.

Mwingine atasema kwamba shujaa wa kale hakufungamana na joka bali aliliua, basi deni lote hili ni uzushi wa karne ya 20. Tukizirudia hadithi zenyewe, haziko hivyo. Katika utenzi wa Kiingereza cha kale wa Beowulf, mfalme mzee anakwenda kulikabili joka lililokuwa likichoma nchi, askari wake wanakimbia isipokuwa mmoja, naye anafia hapo pamoja na adui yake. Tolkien, mwandishi wa The Hobbit, alitoa mhadhara mwaka 1936 akiwakosoa wasomi walioona joka hilo kuwa kichekesho cha kitoto katika shairi zito; kwake joka ndilo lililolipa shairi uzito. Naye Mtakatifu George, katika simulizi maarufu iliyokusanywa karne ya 13, anapambana na joka huko Silene, nchini Libya. Analijeruhi kwanza, kisha anamwambia binti mfalme alifunge mshipi wake shingoni, na joka linamfuata hadi mjini kama mnyama wa kufugwa. George haliui joka hilo mpaka watu wa mji wakubali kubatizwa. Muuaji wa joka naye anadaiwa, ama uhai wake au maana ya kitendo chake.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwetu. Mzazi wa Mwanza au Kilifi ana haki ya kuuliza kwa nini mtoto achezee uchawi, wakati neno hilo huku linaua. Vikongwe wa Kanda ya Ziwa wenye macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wameuawa kwa kudaiwa kuwa wachawi. Wazee wenye mvi katika pwani ya Kenya wamekumbwa na hayohayo. Sheria za uchawi za mwaka 1925 nchini Kenya na 1928 Tanganyika hazijaizima hofu hiyo. Marekani nayo ilipitia taharuki yake miaka ya 1980, wazazi na viongozi wa dini walipoishutumu Dungeons & Dragons kwa kufundisha ushetani, mpaka toleo la mwaka 1989 likayaondoa majina ya mashetani vitabuni. Lakini tazama tofauti iliyopo. Uchawi wa riwaya na gemu nzuri una kanuni zinazojulikana na wote, hufanyika mbele ya macho, na anayeutumia ndiye anayelipa. Tuhuma za uchawi hazina kanuni wala ushahidi, hukulia gizani, na anayelipa ni ajuza asiye na nguvu yoyote. Kijana aliyezoea kuuliza nguvu hii imetoka wapi, kwa kipimo gani na kwa gharama ya nani, amepewa maswali yanayoivunja tuhuma, siyo yanayoijenga.

Na wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Fumo Liyongo anawajibu. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo ni shujaa asiyedhuriwa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo anamwambia mwanawe, na mwana, akiwa ameahidiwa binti wa sultani, anamchoma baba yake usingizini. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti na kutia mshale upindeni, anakufa katika hali hiyo, na watu wanaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Nguvu yake iliishia mahali palepale ambapo mpanda joka huweka yake: mikononi mwa mwingine aliyemwamini. Hata katika gemu Afrika imekwisha kuanza. Mwaka 2016 studio ya Kiro'o ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion, ambamo mfalme aliyepinduliwa anapigana bega kwa bega na mkewe na kuchota nguvu katika urithi wa wahenga wake.

Kwa hiyo hukumu ni hii. Gemu zimemtendea mchawi haki, kwa sababu zilikubali mapema kwamba nguvu zake lazima zihesabiwe. Mpanda joka hazijamtendea haki, kwa sababu mwenzake amenyimwa hiari, na kiumbe kisichoweza kusema hapana hakiwezi kusema ndiyo ikawa na maana. Dawa haihitaji teknolojia ya miujiza, kwani Odahviing alinaswa kwa nira ya mbao na mazungumzo ya dakika chache, na Caim alinyamazishwa kwa uamuzi wa mwandishi tu. Wewe kijana wa Nairobi, Dar es Salaam au Bujumbura unayebuni gemu yako ya kwanza, au unayeandika riwaya ya Kiswahili yenye majini, mazimwi na majoka, kabla ya kuamua joka lako litatema moto wa rangi gani, andika kwanza siku litakayokataa kumbeba shujaa wako, na sababu yake.